Acheni Kumtusi Tumbusi

Kuna tusi moja tunalipenda sana hapa Kenya na mimi limenichosha. Mbunge akipitisha ushuru mpya, tumbusi. Kaunti ikinunua wilbaro kumi kwa Sh109,320 kila moja, kama tulivyoona 2015, tumbusi. Mwenye ploti akiongeza kodi katikati ya mwezi, tumbusi. Wale wa mikopo ya simu wanaokupigia wewe, halafu mamako, halafu shangazi yako wa Busia, tumbusi. Tunamchora amevaa suti na tai, na hata hatushtuki kwamba Kiswahili kina neno moja, tai, la ndege wa jamii yake na la kile kitambaa cha shingoni.

Mimi nasema hilo si tusi. Ukimwita mwizi wa pesa za umma tumbusi umempa sifa ambayo hajaitolea jasho. Na yule ndege mwenyewe umempaka tope bure, wakati huu ambapo anakufa kwa makundi na hakuna anayejali, juu tushazoea kumwona kama kikaragosi.

Kabla hamjanirukia kwa komenti, najua hii picha ilikotoka. 2012, Boniface Mwangi na wasanii wenzake walichora ukutani katikati ya Nairobi tumbusi mkubwa aliyevaa kama mheshimiwa, amekaa kwenye kiti kwa starehe zake. Wengi wenu mlikuwa shule ya msingi. Mimi pia. Mwaka uliofuata wakapeleka nguruwe hadi nje ya Bunge. Ujasiri wa wale watu siuguswi hata kidogo, na mtu akidhani niko hapa kutetea wabunge, arudi asome kichwa pole pole. Shida yangu ni ndege. Mchoro ulifanya kazi vizuri mno. Leo ukimwambia kijana wa Nairobi "tumbusi", anaona mtu mwenye kitambi, haoni ndege.

Mimi mwenyewe wa kwanza kumwona karibu nilimwona nikiwa natafuta pa kujisaidia. Tulikuwa tunatoka Narok kurudi Nairobi, matatu ikapata pancha kati ya Ntulele na Suswa. Makanga akatoa jeki, sisi tukashuka. Mbali kidogo na barabara kulikuwa na punda amekufa, na juu yake fujo ya mabawa meusi. Hiyo niliiona nikaiacha, nikazunguka kichaka upande ule mwingine ndipo nikakutana naye uso kwa uso. Hatua nne, labda tatu. Alikuwa amesimama peke yake, ananifika karibu kiunoni, manyoya ya kahawia yenye ncha nyeupe yamepangana kama magamba ya samaki. Baadaye ndipo nilijua ni wa aina ya Rüppell. Alikuwa ameshiba hadi ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo umetuna, kama mtu aliyeficha embe ndani ya fulana. Hakukimbia. Aliniangalia kwa jicho moja, akageuza kichwa akaniangalia kwa lile lingine, vile nyanya wa kijijini humwangalia mgeni kabla hajaamua kama atamkaribisha chai.

Sijawahi kuangaliwa hivyo na kitu ambacho hakinitaki chochote. Njiwa wa Jeevanjee anataka makombo. Paka anataka omena. Huyu alikuwa tu anasubiri hewa ipate joto ili aondoke. Tumbusi ni mzito, na akishiba ndiyo kabisa. Hapigi mabawa ovyo, anangoja jua lipashe ardhi, hewa moto ipande, apande nayo. Kwa hivyo tukakaa. Nikasahau hata kilichonipeleka kichakani.

Halafu jamaa mmoja wa matatu yetu akatokea nyuma yangu. Akapiga kelele, "Oya, mheshimiwa huyu hapa!" Akaokota jiwe.

Watu wakaja mbio na simu. Jiwe la kwanza likapita. La pili likampiga bawa. Yule ndege akaanza kukimbia ile mbio yao ya kurukaruka, akashindwa kunyanyuka, akasimama, akatapika. Wakishtushwa hutapika ili wapunguze uzito wapate kuruka. Nyama yote ile, mlo ambao labda alikuwa ameungoja siku kadhaa, chini. Ndipo akafungua mabawa, na wacha niwaambie, mimi si mfupi, lakini nikilala chini na mikono nimeinyoosha juu ya kichwa ndiyo labda nitafikia upana wake. Akaondoka chini chini juu ya nyasi, upepo wa mabawa ukanipiga usoni. Na mtu nyuma yangu akasema, "Ametapika pesa za walipa kodi!" Kicheko.

Jioni nikaiona hiyo video mtandaoni, mheshimiwa akifukuzwa na wananchi. Ilikuwa imetazamwa na watu wengi kuliko video zangu tatu za mwisho zikijumlishwa. Sawa, hiyo inaniuma, lakini siyo sababu ya kuandika.

Sababu ni hiyo neno ya kutapika. Nionyesheni mheshimiwa mmoja Kenya hii ambaye ametapika alichokula. Mmoja tu. Tumekuwa na tume, kamati, ripoti kurasa mia nane, watu wameingia kortini kwa ambulansi wakatoka kwa helikopta. Hakuna aliyetapika. Kwa hivyo hata pale kando ya barabara, mfano wenyewe ulikuwa umekataa, na sisi tukacheka tu.

Na tumbusi anakula nini hasa? Anakula kilichokufa. Hakukiua. Mara chache sana ndiyo utasikia amemgusa mnyama aliye hai, tena mchanga au aliye hoi. Yule punda hakuwa wa mtu tena. Angekaa pale aoze, inzi, funza, mbwa, mvua ikija umajimaji wake unashuka mtoni ambako ng'ombe wanakunywa na watu wanachota. Kundi la tumbusi linaweza kumaliza swala mzima kabla makanga wetu hajafunga nati za gurudumu. Tumbo lao lina asidi kali ajabu. Vijidudu ambavyo vingemuua ng'ombe au kukupeleka wewe wodini, vikiwemo vya kimeta, vingi huishia humo. Yaani hawa ni wazoa taka na ni maabara kwa wakati mmoja, na hawajawahi kuomba tenda. Wewe kaunti yako imezoa takataka lini mara ya mwisho?

Kwa ufupi, na wale wa Nyayo Stadium wanaowanyea watu wakiwa kwa stage si tumbusi. Wale ni korongo wa marabou. Wana upara na wanapenda taka pia, lakini ni ukoo mwingine kabisa. Upara wenyewe, kwa wale wanaosema tumbusi ana sura mbaya, unamsaidia: kichwa kinachoingia ndani ya mzoga kikiwa na manyoya marefu kingerudi na uchafu wote. Halafu huyo mnayemwona mchafu anapenda kuoga kuliko wengi wetu hostelini. Akimaliza kula, akipata maji, anaingia.

Na anaruka. 1973 mmoja wa aina ile ile niliyokutana nayo aliingia kwenye injini ya ndege ya abiria juu ya Abidjan, mita 11,300 kutoka chini. Huko ndiko ndege za kwenda Ulaya hupita. Hakuna ndege mwingine anayejulikana kufika juu hivyo. Huyo ndiye tunamtupia mawe.

Sasa niwaambie kitu kilichotokea mahali ambapo tumbusi waliisha. India walikuwa nao kwa mamilioni. Ng'ombe wengi kule hawaliwi, wakifa wanatupwa, tumbusi wanamaliza. Miaka ya 1990 wafugaji wakaanza kuwapa ng'ombe diklofenaki. Ndiyo, ile ile unayonunua duka la dawa mgongo ukiuma. Tumbusi akila mzoga wenye hiyo dawa, figo zinakufa, naye anafuata. Ndani ya miaka michache zaidi ya asilimia 95 walikuwa wameenda. Mizoga ikabaki, maji yakachafuka, mbwa wa kuzurura wakaongezeka, na kichaa cha mbwa pamoja nao. Serikali ikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo 2006, wakati ambapo karibu hapakuwa na ndege wa kuokoa. Wanauchumi wawili walipiga hesabu, ikachapishwa 2024: kati ya 2000 na 2005, kama watu 500,000 zaidi walikufa kwa sababu tumbusi hawakuwepo. Nusu milioni ya watu. Na India wana hospitali nyingi kutuliko.

Kenya ina mpango wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Uko kwenye karatasi. Mpango mwingine ulikuwa unapiga duru angani bila malipo, na huo tunauua.

Tunauua vipi? Mara nyingi kwa sumu, na mara nyingi sumu yenyewe haikuwekewa tumbusi. Simba au fisi anaingia bomani usiku, anaua ng'ombe. Asubuhi mwenye ng'ombe ana hasira, ananyunyizia mabaki dawa ya wadudu ili muuaji akirudi afe. Lakini wanaofika kwanza ni tumbusi. Wanaona mbali, na mmoja akishuka wengine wanamwona anashuka nao wanamfuata, hadi mzoga mmoja unakusanya anga nzima. Mzoga mmoja, kopo moja la dawa, ndege makumi. Ile dawa ya Furadan ilitumiwa hivi Kenya kwa miaka hadi televisheni moja ya Marekani ikaonyesha 2009 na kampuni iliyoitengeneza ikaiondoa kwa maduka yetu. Zikaja nyingine.

Sitaki kusikia mtu wa Kilimani akimtukana huyo mfugaji. Ng'ombe mmoja ni karo ya muhula. Sheria inasema anaweza kulipwa fidia, na kila mtu wa Narok, Kajiado na Laikipia anajua fidia ya wanyamapori inavyotambaa; unajaza fomu mtoto akiwa darasa la nne, anamaliza shule bado mnangoja. Na nani anakalia bajeti ya fidia? Wale wale waheshimiwa mnaowaita tumbusi. Mnaona vile tusi limezunguka? Mwanasiasa anachelewesha pesa, mfugaji anashika sumu, ndege anakufa, halafu mwanasiasa anapewa jina la ndege.

Na dawa ya tatizo lenyewe hata si uchawi. Richard Turere alikuwa mtoto tu, anachunga ng'ombe wa babake karibu na Mbuga ya Nairobi, alipounganisha taa za kuwakawaka kuzunguka boma kwa betri na vipande vya vifaa vibovu, simba wakaacha kuja. Mtoto. Simba asipoua hakuna mzoga wa kupaka sumu. Hivyo tu. Ni kiasi gani kuweka taa kwa boma? Linganisha na wilbaro.

Majangili nao wana sababu yao, ya kikatili zaidi. Ukiua ndovu, tumbusi wakianza kuzunguka juu, askari wa wanyamapori anajua mahali pa kwenda. Kwa hivyo wanapaka mzoga sumu makusudi, wamalize wale mashahidi. Juni 2019 Botswana walikuta tumbusi 537 wamekufa, ndovu watatu tu ndio waliopakwa. Tumbusi wa aina hizi hutaga yai moja. Moja. Na hawaanzi kuzaa hadi wafike miaka kama mitano. Wewe piga hesabu ya kurudisha 537.

(Wa kubeti, hii ni yenu: Afrika Kusini kuna watu wanaonunua ubongo wa tumbusi wakiamini utawaonyesha namba za bahati nasibu. Yule ndege angekuwa anaona mbele hivyo, asingetua kwenye mzoga wenye sumu. Mkeka wako utachanika tu kama kawaida.)

Hesabu ya Afrika nzima ilitolewa 2015. Kati ya aina nane walizochunguza, saba zilikuwa zimepungua kwa asilimia 80 au zaidi katika vizazi vitatu vya ndege hao, na kati ya vifo vilivyorekodiwa, asilimia 61 ni sumu. Mwaka huo huo huyu rafiki yangu wa Suswa, pamoja na yule wa mgongo mweupe, yule wa kichwa cheupe na yule mdogo mwenye kofia, wakahamishiwa daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Ndilo daraja la faru mweusi. Faru ana walinzi wenye bunduki saa 24. Tumbusi ana sisi na mawe.

Kisha kuna nyaya za umeme na mitambo ya upepo, ambayo sipingi, nataka umeme kama nyinyi, simu yangu haijichaji. Ila kwa upepo inajulikana kinachowezekana. Kule Kipeto, Kajiado, wameweka watu wa kuangalia anga, na tumbusi akikaribia mtambo unasimamishwa. Kazi ya mtu ni kukaa na darubini akiangalia ndege. Nilipoisoma hiyo nilijiuliza mbona hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kuna kazi kama hiyo. Ningekaa chuo.

Najua mtakaloniambia. Watu hawana unga, vijana wanapotea, na wewe unatuletea ndege. Sikizeni. Mtu asiye na unga ndiye anayekunywa maji ya ule mto. Mtoto anayeumwa na mbwa mwenye kichaa si wa Runda, ni wa kijijini, na chanjo iko mbali na ni pesa. Hiki ninachoongelea si kitu cha wazungu wenye kofia za khaki. Tena hilo ndilo linaniudhi: tumeachia watalii kila kitu chenye mabawa. Wasee wanaenda Hell's Gate kila wikendi, wanakodi baiskeli, wanapiga picha mia mbili wakiwa wameruka juu, na kwenye majabali pale juu ya vichwa vyao ndiko tumbusi wa Rüppell hulala na kutaga. Hakuna anayeinua shingo. Jaribu siku moja. Utaona alama nyeupe kwenye mwamba kama mtu amemwaga rangi, hayo ni mavi ya miaka na miaka. Subiri hadi kama saa tatu hivi, jua likishika, utawaona wakijiachia mmoja mmoja.

Na mkimkuta barabarani ameshiba, mwacheni ashibe. Mkimkuta anayumba, kichwa kimeinama, na wenzake wako chini hawaamki, hiyo labda ni sumu: msiguse kitu, zuieni mbwa, pigieni simu watu wa wanyamapori walio karibu, tena haraka. Video mnaweza kupiga baadaye.

Turudi kwa tusi, maana siwanyimi haki ya kutukana. Tangu Juni 2024 tumethibitisha kizazi chetu kina kipaji cha hiyo kazi na sitaki kiharibike. Lakini tusi linatakiwa lilenge. Tumbusi hali mtu akiwa hai. Hajifichi. Akishiba anasimama, anaachia wengine. Huyo mnayemtafuta anakula ng'ombe akiwa bado anatembea, anajibandika mahali ambapo mkia haufiki, anafura huku mwenyewe anakonda, na ukimng'oa vibaya kichwa kinabaki ndani ya ngozi. Huyo anaitwa kupe. Kila mtu aliyelala kwa nyanyake hata wiki moja anamjua. Anaambukiza ugonjwa pia.

Kwa hivyo wachoraji, kazi ndiyo hiyo. Mvisheni kupe suti. Kupe mzima ana miguu minane, fundi atahitaji kushona suruali nne, na msijali, bajeti ipo.